Mnyama Ana Dalili, Kasoro Iko Kwenye Uwanja: Utatuzi wa Matatizo ya Usanifu katika Bustani za Wanyama za Arusha na Moshi

Malalamiko mengi yanayomfikia msanifu kutoka kwenye bustani ya wanyama huwa yamekwisha kutolewa hukumu kabla yeye hajafika: chui ni mkorofi, twiga ana tabia mbaya, swala ni waoga kupita kiasi, miche iliyopandwa ilikuwa dhaifu. Nimefanya kazi ya kusanifu na kukarabati makazi ya wanyama kati ya Arusha na Moshi kwa muda wa kutosha kuamini kwamba mara nyingi mnyama hana kosa lolote, na kwamba chanzo kimo katika mteremko wa ardhi, mahali pa kivuli, upande wa mlango au kimo cha ukuta. Mwongozo huu unaanza na kile kinachoonekana, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo. Neno “uwanja” humu linamaanisha eneo la wazi ambamo wageni humwona mnyama, na “banda” ni jengo analolala au kufungiwa usiku.

Kabla ya dalili yoyote kutafutiwa dawa, mambo mawili lazima yafanyike. La kwanza ni daktari wa mifugo au wa wanyamapori kumpima mnyama, kwa sababu maumivu ya jino, minyoo au msimu wa kupandana huweza kuleta tabia ileile inayoletwa na jengo bovu. La pili ni ramani ya matumizi. Chora uwanja kwenye karatasi, ugawe katika miraba, kisha weka alama kila baada ya dakika 15 mahali mnyama alipo na anachofanya, kwa siku tatu angalau, mojawapo ikiwa siku yenye wageni wengi na nyingine isiyo na wageni kabisa. Pamoja na ramani hiyo, tembea uwanjani mnyama akiwa amefungiwa bandani, ukitazama nyasi zilizokanyagwa hadi udongo ukatokeza, manyoya yaliyonasa kwenye wavu, magome yaliyochunwa na mahali kinyesi kinapolundikana. Sijawahi kufanya kazi hii bila kugundua kwamba sehemu kubwa ya uwanja uliogharimu fedha nyingi haikanyagwi kabisa.

Mnyama anatembea njia ileile, huku na huko, kwa saa nyingi

Hii ndiyo dalili inayowaumiza watunzaji kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Kwanza tenganisha saa na mahali. Ikiwa mwendo huo unatokea saa zilezile kila siku na kukoma baada ya chakula, chanzo ni kusubiri: mnyama amejifunza kwamba chakula hutoka mlango mmoja kwa saa moja isiyobadilika, na hana kingine cha kufanya isipokuwa kulinda mlango huo. Ikiwa mwendo hauna saa lakini una mahali, yaani unafuata ukuta au uzio mmoja tu, tafuta kilichoko ng’ambo ya uzio huo. Inaweza kuwa mbwa wa mlinzi, harufu ya fisi aliyewekwa jirani na swala, barabara ya magari ya mizigo au jenereta. Ikiwa mwendo hauna saa wala mahali maalumu, bali unazunguka uwanja wote, hapo fikiria umbo na ukubwa.

Katika bustani moja ndogo pembezoni mwa Arusha niliitwa kumtazama mondo aliyekuwa akitembea kando ya ukuta wa mashariki tangu saa nane mchana hadi jioni, na mpango ulikuwa umekwisha kuandaliwa wa kuupanua uwanja kuelekea magharibi. Ramani ilionyesha kwamba asubuhi hakuna mwendo huo hata kidogo. Niliposimama nje ya ukuta siku ya pili, nilisikia kisu kikigonga ubao: nyuma ya ukuta huo ndipo nyama ya wanyama wote ilipokatiwa, na toroli lilianza kuzunguka saa tisa. Tulihamisha meza ya kukatia nyama, tukatoboa vitundu vya kupitishia chakula katika pande nne za uwanja, na watunzaji wakaanza kubadilisha saa na kitundu kila siku. Mwendo ulipungua sana, ingawa haukuisha kabisa, kwa sababu tabia iliyozoeleka kwa miaka hubaki hata chanzo chake kikiondolewa. Upanuzi ule haukujengwa, na sehemu ya fedha ilijenga banda lenye milango miwili, ili mnyama aweze kuchagua kuwa ndani au nje.

Si kila kisa kitamalizwa kwa kuhamisha meza. Utafiti wa Ros Clubb na Georgia Mason uliochapishwa mwaka 2003 ulilinganisha spishi mbalimbali za wanyama walao nyama na kuonyesha kwamba wale ambao porini huzunguka maeneo makubwa ndio wanaotembea zaidi kwa kurudiarudia wakiwa kifungoni, na vifo vya watoto wao huwa vingi zaidi. Msanifu anayeombwa kumtengenezea mnyama wa namna hiyo uwanja wa ukubwa wa kiwanja cha nyumba anapaswa kusema wazi kwamba haiwezekani, hata kama kazi hiyo itampita.

Dawa mbili za kuepukwa ni kuweka gogo au jiwe katikati ya njia, ambalo humfanya mnyama aanzishe njia nyingine pembeni yake, na kupanda vichaka mbele ya njia, ambavyo huwaficha wageni dalili na kumwacha mnyama na shida yake. Kinachofaa ni kuvunja umbo lenyewe: kona kali zifanywe mviringo, maji yawe upande mmoja na kivuli upande mwingine ili mnyama awe na sababu ya kuvuka uwanja, na pawepo mahali pa juu pa kupumzikia. Chui na simbamangu hutumia kimo kama wanavyotumia ardhi, kwa hiyo majukwaa matatu ya vimo tofauti huwaongezea nafasi kuliko mita kadhaa za nyasi tambarare. Mbega, ambaye ni mla majani na hushuka chini mara chache, hana faida kubwa na uwanja mpana usio na matawi yanayounganika.

Twiga anayeramba nguzo, mabati au kuta kwa muda mrefu ana dalili ya ukoo huohuo. Porini ulimi wake hufanya kazi ya kuchuma majani sehemu kubwa ya siku, lakini katika bustani hupewa majani makavu kwenye hori na kumaliza upesi. Mjengee vikapu vya wavu vilivyoinuliwa, mahali atakapolazimika kunyoosha shingo na kuingiza ulimi, na vijazwe matawi mabichi mara kadhaa kwa siku.

Wageni wanalalamika kwamba hawamwoni mnyama

Mwitikio wa kawaida ni kufyeka vichaka. Matokeo yake huwa kinyume: mnyama aliyekosa maficho huhamia kona ya mbali zaidi au hukataa kutoka bandani. Heini Hediger, Mswisi aliyeongoza bustani za wanyama za Bern, Basel na Zürich, alieleza kwamba kila mnyama ana umbali ambao akikaribiwa zaidi ya hapo hukimbia, na kwamba uwanja usiompa nafasi ya kuutunza umbali huo humweka katika hofu isiyokwisha. Dikidiki au funo anayejua kuna kichaka hatua tatu nyuma yake atasimama wazi kwa utulivu zaidi kuliko yule aliyenyang’anywa kichaka hicho.

Chunguza kwanza wageni wanasimama wapi. Uwanja unaozungukwa na njia ya wageni pande zote ni kosa la usanifu ambalo hakuna mmea unaoweza kulirekebisha. Funga njia hiyo na ubakize sehemu mbili au tatu za kutazamia, zilizopinda ili kundi moja lisione kundi jingine ng’ambo. Kisha tazama kimo. Mgeni anayemtazama mnyama kutoka juu, kama mtu anayechungulia kisima, humtia hofu, na humfanya yeye mwenyewe amwone mnyama kuwa kitu duni. Shusha njia ya wageni au inua ardhi ya mnyama ili macho yakutane au mnyama awe juu kidogo.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu haimlazimishi mnyama chochote: mahali pazuri kuliko pote kwa mnyama pawekwe mbele ya mahali pa kutazamia. Jiwe lenye kivuli na upepo, lililoinuka na kuwa na kichaka nyuma yake, likiwa mita chache kutoka kibanda cha wageni, litakaliwa kwa hiari. Kibanda chenyewe kiwe na paa la chini na giza ndani, kielekee kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiwapige wageni machoni wala kufanya kioo kiakisi miti. Kioo kinachoakisi miti huua ndege, kwa sababu huruka kuelekea msitu ambao haupo. Mistari au nukta zilizokaribiana juu ya kioo hupunguza vifo hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, bustani ya Woodland Park huko Seattle, Marekani, ilijenga makazi ya sokwe aina ya gorila yaliyosanifiwa na kampuni ya Jones & Jones, ambamo mgeni na mnyama walionekana kuwa ndani ya msitu mmoja, na vizuizi vikafichwa ndani ya mimea na mabonde. Wengi walihofia kwamba gorila wangeing’oa mimea yote. Haikuwa hivyo, na mtindo huo ukaenea duniani. Sisi tulio chini ya Meru na Kilimanjaro tuna udongo na mvua za kuotesha mandhari ya namna hiyo bila gharama kubwa, na inanisikitisha kuona bado tunajenga vizimba vya nondo juu ya sakafu ya saruji.

Matope wakati wa masika, kwato na nyayo zenye vidonda

Tope karibu na lango, hori na birika la maji si tatizo la mvua pekee, kwani huonekana palepale kila mwaka. Jiulize maji yanatoka wapi. Ikiwa yanatoka nje ya uwanja, kutoka upande wa mlima, hakuna changarawe itakayosaidia hadi yakatwe kabla ya kuingia: chimba mfereji wa kinga juu ya uwanja, wenye mteremko mdogo, uyapeleke maji pembeni. Wazee wa Kichagga waliochimba mifereji ya kumwagilia migomba kwenye miteremko ya Kilimanjaro walielekeza maji kwa mteremko mdogo kiasi kwamba hayakukata udongo, na fundi anayechimba mfereji wa kushuka moja kwa moja ajifunze kwao kabla masika hayajaugeuza korongo.

Ikiwa maji yanatoka ndani, yaani birika linafurika au paa la banda linamwaga uwanjani, weka bomba la kufurikia na michirizi. Mahali ambapo miguu mingi hupita, ondoa udongo laini, tandaza mawe, kisha kokoto, kisha moramu iliyoshindiliwa, ukiacha mteremko wa takriban sentimita 2 kwa kila mita. Tahadhari ya pekee inahitajika kwenye tambarare zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukuta wa handaki (mtaro mpana wa kumzuia mnyama) uliojengwa juu yake bila msingi wa kutosha utaonyesha nyufa mapema, na ufa wa leo ni mahali pa kukanyagia kwa nyani kesho. Udongo wa majivu ya volkano wa miteremko ya juu hunyonya maji vizuri zaidi, lakini humomonyoka upesi na wakati wa kiangazi hutoa vumbi linalosumbua macho ya wanyama na watunzaji.

Si vyema kukimbilia saruji. Bwawa la pengwini la bustani ya wanyama ya London, lililosanifiwa na Berthold Lubetkin na wenzake wa kundi la wasanifu la Tecton mwaka 1934, husifiwa na wasanifu hadi leo kwa njia zake mbili za zege zinazopishana hewani. Lakini pengwini waliondolewa humo mwaka 2004, kukiwa na wasiwasi kwamba zege ilikuwa ikiwaumiza miguu. Sakafu ya banda iwe na mkwaruzo mdogo wa ufagio ili kwato zisiteleze, ifunikwe kwa matandiko pale mnyama anapolala, na uwanjani saruji ibaki kwenye mifereji na misingi.

Miti inakufa, au mnyama anaugua baada ya kula mimea

Mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hautapona, kwa kuwa njia ya chakula kutoka kwenye majani kwenda kwenye mizizi imekatika. Mti wenye gome zima lakini majani yanayonyauka kutoka juu huwa umekufa mizizi, mara nyingi kwa sababu kwato zimeshindilia udongo hadi hewa na maji havipiti. Kwa tatizo la kwanza, zungushia shina wavu imara unaoruhusu mti kunenepa. Kwa la pili, tandaza mawe makubwa yasiyo rahisi kukanyagika chini ya mwavuli wa mti, nao pofu na pundamilia watalala pembeni yake. Miringaringa, mikuyu na migunga ipandwe nje ya uzio pia, ili matawi yatoe kivuli ndani bila shina kufikiwa, lakini kamwe matawi hayo yasiachwe mahali ambapo chui au tumbili anaweza kuyatumia kama daraja.

Kuhusu sumu nitasema kwa ufupi, maana kosa hili hutokana na bustani za nyumbani kuhamishiwa kwenye bustani za wanyama. Lantana, inayopandwa sana kama ua wa maua, hudhuru ini la wanyama walao majani. Oleanda huathiri moyo. Mbegu za mbono na mnanaha ni sumu. Majani ya mparachichi hudhuru ndege na mbuzi, kwa hiyo yasiingie kwenye mzigo wa matawi ya swala. Utomvu wa mnyaa huunguza macho, ingawa mmea huo umekuwa uzio wa maboma ya Wamaasai kwa vizazi vingi, na jina la Manyara husemekana kutokana nao.

Mnyama anahema mchana, au anajikunyata asubuhi

Arusha na Moshi ziko kati ya nyuzi 3 na 4 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana huegemea kaskazini, mwezi Desemba huegemea kusini, na muda mwingi wa mwaka huwa karibu utosini. Paa dogo lililosimama juu ya nguzo nne kwa hiyo hutoa kivuli chini yake saa sita, lakini saa tisa kivuli hicho kimehamia mashariki, pengine nje ya uzio kabisa. Pima kivuli kwa vigingi saa tatu, saa sita na saa tisa na nusu. Dawa si paa kubwa zaidi tu, bali ukuta wa mimea au mawe upande wa magharibi. Bati lisilo na dari hushusha joto juu ya mgongo wa mnyama. Inua paa, acha mwanya wa hewa, au liezekwe kwa nyasi.

Nimeona mchoro mmoja wa kibanda cha kobe ukitumika katika miji yote miwili, kana kwamba kilomita 80 hivi zinazoitenganisha hazina maana. Moshi iko chini zaidi na ina joto. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na asubuhi za Juni hadi Agosti huwa na ukungu na baridi kali kwa mtambaazi. Kobe wa Moshi walikuwa wazima. Wale wa Arusha walidhoofika hadi kibanda kilipogeuzwa kuelekea mashariki, kikawekewa mlango mdogo wa kuzuia upepo na taa ya joto. Mawe meusi ya volkano hupata joto haraka na kulihifadhi, jambo jema kwa kobe na mijusi asubuhi, mradi pawepo kivuli karibu, kwani adhuhuri mawe hayohayo huunguza.

Mnyama amevuka kizuizi, au karibu avuke

Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Kijerumani, alifungua bustani yake ya Stellingen, Hamburg, mwaka 1907, akionyesha kwamba handaki lililofichwa linaweza kuchukua nafasi ya nondo. Tangu hapo kosa linalorudiwa ni kusahau kupima. Huko San Francisco, Desemba 2007, chui-milia alitoka na kumuua mgeni. Ukuta wa handaki ulipatikana kuwa na kimo cha takriban mita 3.8, wakati kimo kilichopendekezwa kilikuwa takriban mita 5. Kwetu hatari hii huongezeka yenyewe, kwa kuwa kila masika huleta tope na majani ndani ya handaki, na kimo hupungua bila mtu kugusa ukuta. Pima kila mwaka baada ya mvua, kutoka pale miguu ya mnyama inaposimama, na uandike tarehe.

Upande wa mnyama uwe mteremko unaopandika, ili akiteleza aweze kurudi, na upande wa wageni uwe wima. Handaki la maji kwa sokwe liwe na kingo za ngazi na kamba za kujishikia, kwa maana sokwe hawaogelei na wamekufa katika mabwawa yaliyokusudiwa kuwalinda. Kwa fisi na mbweha wanaochimba, zika wavu ukilala kuelekea ndani, na milango yote ya watunzaji iwe miwili mfululizo, mmoja usifunguke kabla mwingine haujafungwa. Kizuizi cha wageni nacho ni sehemu ya kizuizi: mwaka 2016 huko Cincinnati mtoto alipenya na kuanguka kwenye handaki, na gorila akapigwa risasi. Piga magoti ukague uzio ukiwa kwenye kimo cha mtoto wa miaka mitatu.

Meno yenye madoa ya kahawia kwa wanyama wachanga

Hapa kasoro iko kwenye chanzo cha maji. Maji ya visima na chemchemi nyingi kuzunguka Meru yana floridi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani, na madhara huwapata zaidi wanyama ambao meno yao bado yanaota. Kuchemsha hakuondoi floridi. Msanifu anaweza kusaidia tangu kwenye mchoro: mapaa ya mabanda yapelekwe kwenye tangi la maji ya mvua litakalotumiwa na mama wanaonyonyesha na watoto wao, na pawepo nafasi ya chujio la mkaa wa mifupa, teknolojia iliyofanyiwa kazi kwa muda mrefu katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha. Sampuli ya kupima ichukuliwe kwenye birika lenyewe mwishoni mwa kiangazi, si kwenye bomba la ofisini, kwa sababu birika linaloongezwa maji kila siku bila kumwagwa hubakiza floridi kila maji yanapopaa kwa jua.